Je, paneli za sola za kubebeka zinaweza kuendesha bodaboda ya umeme kutoka Nakivale hadi Mbarara?

Kutoka Base Camp, kitovu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hadi jiji la Mbarara ni mwendo wa takriban kilomita 60. Wakazi huifanya safari hiyo kwa sababu nyingi: mgonjwa aliyeandikiwa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, bidhaa za duka, karatasi za ofisini, ndugu aliyehamia mjini. Kwa mwendesha bodaboda, au motari kama wanavyomwita watu waliotoka Kivu, kwenda na kurudi hula takriban lita tatu za petroli. Lita moja ikiuzwa shilingi 5,000 za Uganda, shilingi 15,000 zimekwisha kuungua kabla hajanunua chakula cha mchana wala kumlipa mwenye pikipiki.

Ndiyo maana pikipiki za umeme, ambazo zimezidi kuonekana katika mitaa ya Kampala tangu kampuni ya Zembo ianzishwe mwaka 2018 na nyingine kama Gogo na Spiro kuingia sokoni, zinaangaliwa kwa hamu hata na watu wanaoishi mbali na vituo vya kubadilishia betri. Pamoja nazo zimekuja paneli za sola zinazokunjwa kama mkoba na kubebwa mkononi. Picha za matangazo huonyesha paneli moja imetandazwa kando ya chombo cha umeme, waya umeunganishwa, na mwenye chombo amekaa kivulini akitabasamu. Mtu anayeishi mahali ambapo jua huwaka mwaka mzima na nyumba nyingi hutegemea sola kwa taa na simu, ana haki ya kuuliza: je, jua hilohilo haliwezi kumpeleka Mbarara?

Linaweza. Lakini si kwa namna inayoonyeshwa na picha hizo, na tofauti kati ya picha na hesabu inaweza kumgharimu mtu akiba ya miaka.

Akiba hiyo si jambo dogo Nakivale. Makazi hayo yaliyo wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, yalianzishwa mwaka 1958 na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, ruhusa ambayo wakimbizi wa nchi nyingi hawana. Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilieleza kwamba watu wapatao milioni moja nchini Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula kwa sababu ya upungufu wa fedha. Kaya iliyopoteza mgao hutegemea zaidi kile inachoweza kuchuma yenyewe, na bodaboda ni mojawapo ya kazi zinazoleta fedha taslimu kila jioni.

Wati 200 ni ahadi ya maabara

Hesabu yote huanza na namba iliyobandikwa nyuma ya paneli. Paneli iliyoandikwa wati 200 hutoa wati hizo ndani ya maabara tu, chini ya mwanga wenye nguvu ya wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, huku seli zake zikiwa na joto la nyuzi 25. Nje, paneli nyeusi iliyolazwa juani saa sita mchana hupanda kwa urahisi hadi nyuzi 50 au 60. Kila nyuzi inayozidi 25 huondoa takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu, kwa hiyo joto peke yake linaweza kula sehemu ya kumi ya kile mnunuzi alicholipia. Vumbi la barabara ya udongo huongeza hasara, waya mwembamba huongeza nyingine, na betri yenyewe hairudishi kila ilichopewa.

Kwa upande wa jua, eneo la Mbarara na Isingiro limejaliwa. Liko chini ya nyuzi moja kusini mwa mstari wa ikweta, na kwa wastani hupata mwanga unaolingana na takriban saa tano za jua kamili kwa siku. Hii haina maana kwamba jua huwaka saa tano tu. Maana yake ni kwamba mwanga hafifu wa asubuhi, mwanga mkali wa adhuhuri na ule wa jioni, ukijumlishwa wote, unatosha kujaza saa tano za nguvu ya maabara.

Paneli ya wati 200 kwa saa tano ingetoa wati-saa 1,000, yaani uniti moja, kipimo kilekile kinachotumika kulipia umeme wa nyumbani. Ukiondoa joto, vumbi, waya na hasara za kuchaji, kinachofika ndani ya betri ni kama asilimia 72, yaani wati-saa 720 hivi. Namba hiyo ndiyo ya kukumbuka, maana yote yanayofuata yanaitegemea.

Pikipiki inakula kiasi gani?

Pikipiki ya umeme iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi ya bodaboda hutumia takriban wati-saa 40 kwa kila kilomita inapobeba abiria. Kilima huongeza, na mwendo wa kasi huongeza zaidi. Mfano ni Roam Air inayotengenezwa Nairobi, ambayo betri yake ina uwezo wa takriban uniti 3.2. Gawanya, na utapata kilomita 80 kwa betri moja iliyojaa.

Sasa safari ya Mbarara inaweza kupimwa. Kilomita 60 za kwenda zitatumia uniti 2.4. Mwendeshaji aliyeondoka Base Camp na betri iliyojaa atafika mjini akiwa amebakiwa na uniti 0.8, ambazo zinamtosha kurudi kilomita 20 tu. Ili alale kwake anahitaji kuongeza walau uniti 1.6. Tuseme amebeba paneli yake moja ya wati 200, akaitandaza kwenye uwanja wa wazi kwa saa tatu za adhuhuri akisubiri abiria wake amalize shughuli hospitalini. Atakuwa ameongeza chini ya nusu uniti, mwendo wa kilomita kumi na moja hivi. Atazimikiwa njiani, zikiwa zimebaki karibu kilomita 30 kufika nyumbani.

Kwa safari nzima ya kwenda na kurudi, kilomita 120, anahitaji uniti 4.8 kwa siku. Kila paneli ikimpa uniti 0.72, anahitaji paneli saba. Zikitandazwa zinachukua mita saba za mraba, eneo la chumba kidogo cha kulala. Paneli moja ya kukunjwa ya wati 200 huwa na kilo saba au nane, hivyo saba kwa pamoja zina uzito wa mfuko wa saruji na ziada kidogo. Anayezibeba zote hana tena nafasi ya abiria.

Jua liko juu, pikipiki iko barabarani

Tatizo kubwa zaidi ni la saa. Paneli huzalisha sehemu kubwa ya umeme wake kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Hizo ndizo saa ambazo bodaboda inapaswa kuwa kazini. Pikipiki iliyoegeshwa juani ikichaji haiingizi fedha, na iliyo barabarani haichaji. Jioni mwenye nayo anaporudi, jua limezama pamoja na umeme wake.

Njia ya kutoka katika mtego huu ni kuwa na betri mbili. Moja inafanya kazi, nyingine imebaki nyumbani chini ya paneli ikijazwa. Kesho yake zinabadilishana. Kwa mpango huo paneli haina sababu ya kubebwa. Inaweza kufungwa juu ya paa, mahali pasipo na mwizi mwepesi wala mguu wa mbuzi, na ikawa paneli ya kawaida ya kioo na fremu ya alumini, ambayo kwa kila wati huwa nafuu kuliko ya kukunjwa na hudumu miaka mingi zaidi. Kitu kinachopaswa kubebeka katika mfumo huu ni betri. Watengenezaji wengi wa pikipiki za umeme katika Afrika Mashariki walikwisha kuliona hilo, na ndiyo sababu betri zao huchomolewa kwa mkono.

Safari moja ndefu iliyofanywa kwa pikipiki ya aina hiyo inathibitisha jambo hilohilo. Mwishoni mwa mwaka 2024, kikosi cha Roam na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch kilitoka Nairobi hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, kikiendesha Roam Air kwa takriban kilomita 6,000 katika siku 17, kwa umeme wa jua. Ni mafanikio ya kweli na hayapaswi kubezwa. Lakini kilomita 6,000 kwa siku 17 ni wastani wa kilomita 350 kwa siku. Kwa kiwango cha wati-saa 40 kwa kilomita, pikipiki hiyo moja ilihitaji karibu uniti 14 kila siku, kazi ya paneli zinazokaribia wati 4,000. Vifaa vya kuchajia vilibebwa na msafara uliomsindikiza mwendeshaji. Aliyekuwa kwenye usukani hakuwa na paneli mgongoni.

Uganda yenyewe ilikwisha kupata somo kama hilo, kwa chombo kikubwa zaidi. Februari 2016, Rais Yoweri Museveni alizindua mjini Kampala basi la Kayoola lililoundwa na Kiira Motors, likiwa na viti 35 na paneli za sola juu ya paa. Magazeti ya nje yaliliandika kama basi la jua. Kwa kweli lilikuwa basi la betri lenye uwezo wa kwenda kilomita 80, na paneli za paani ziliongeza kilomita 12 hivi. Paa zima la basi, kilomita 12. Wahandisi hawakufanya kosa lolote. Paa la basi ni dogo tu ukilinganisha na kazi ya kulisukuma basi.

Na gari dogo?

Wako wanaouliza kuhusu magari madogo ya umeme yaliyokwisha kutumika, kama Nissan Leaf. Jibu ni fupi na halifurahishi. Leaf za mwanzo zina betri ya uniti 24, kwa hiyo paneli moja ya wati 200 ingehitaji siku 33 kuijaza, gari likiwa limesimama muda wote huo.

Kuna kikwazo kingine ambacho wauzaji hawakitaji. Chaja ya kawaida ya gari la umeme haikubali kuanza kazi chini ya ampea 6. Kwa umeme wa volti 230, hizo ni wati 1,380. Chini ya hapo gari halichaji polepole; halichaji kabisa. Wingu likipita na nguvu ikashuka, gari hukata. Ndiyo maana mwenye kutaka kuchaji gari kwa sola hulazimika kuwa na betri kubwa ya kati inayopokea umeme wa paneli, kisha inveta inayoutoa kwa utulivu. Inveta hiyo nayo iwe ya wimbi safi na mfumo uwe na waya wa ardhini, kwani gari hupima mambo hayo na likikuta kasoro huwasha taa ya hitilafu. Kila hatua ya kugeuza umeme hula sehemu yake. Familia yenye uwezo wa kugharimia yote hayo hapana shaka ina paa la kutosha, na haina haja ya paneli za kukunja.

Chombo kinachoendana vizuri na paneli moja ya kubebeka ni baiskeli ya umeme. Betri yake huwa na nusu uniti hivi, na siku moja ya jua zuri huijaza na kubakiza chaji ya simu. Kwa mfanyakazi wa afya wa kijiji anayezunguka kati ya nyumba za Base Camp, au kijana anayepeleka mikate madukani, hiyo si hesabu ya kubahatisha. Kadhalika kwa kigari cha magurudumu matatu cha mtu mwenye ulemavu.

Volti, kidhibiti na moto

Aliyeamua kuchaji pikipiki kwa paneli zake mwenyewe atakutana na fundi, na fundi wa sola za nyumbani mara nyingi amezoea mifumo ya volti 12. Pikipiki nyingi za umeme hutumia betri ya volti 72, ambayo inapojaa hupita volti 80. Paneli ya kukunjwa hutoa takriban volti 20 ikiwa kazini, na hupungua ikipata joto. Paneli nne zilizounganishwa mfululizo hazitafikisha betri hiyo mwisho. Kinahitajika kidhibiti chaji kinachoweza kupandisha volti, kilichotengenezwa kwa aina hasa ya betri iliyopo, au inveta inayolisha chaja iliyokuja na pikipiki. Njia ya pili hupoteza umeme zaidi lakini ni salama zaidi kwa asiye mtaalamu, kwa kuwa chaja ya kiwandani inajua lini isimame.

Kuunganisha paneli na betri ya lithiamu moja kwa moja bila kidhibiti ni kosa ambalo halipaswi kujaribiwa hata mara moja. Betri ya lithiamu iliyojazwa kupita kiasi inaweza kushika moto usiozimika kwa ndoo ya maji, na katika nyumba yenye kuta za udongo, turubai na magodoro ya sponji moto huo hauchagui. Betri ichajiwe nje au kwenye banda lenye hewa, mbali na mahali wanapolala watoto. Betri zilizounganishwa mtaani kwa seli za kompyuta zilizokufa ndizo za kuogopwa zaidi.

Paneli zilizounganishwa mfululizo nazo hutoa umeme wa DC wenye volti za kutosha kumdhuru mtu, na cheche yake haikatiki haraka kama ya umeme wa kawaida. Plagi isichomolewe jua likiwa kali. Paneli zifunikwe kwanza, au swichi izimwe.

Kuhusu kuzielekeza, wakazi wa ikweta wana bahati ambayo vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa Ulaya haviitaji. Kule paneli lazima iinamishwe sana kulitafuta jua. Nakivale jua hupita karibu na utosi, na paneli iliyolala karibu bapa hupoteza kidogo sana. Inatosha kuiinua kidogo ili mvua iteremke na vumbi, na hewa ipite chini yake kuipoza. Kilicho hatari zaidi ni kivuli. Seli za paneli zimefungamana kama watu waliopanga foleni kupokezana ndoo. Mmoja akisimama, ndoo hazifiki. Kivuli cha jani moja la mgomba kinaweza kuangusha sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima, na kama paneli zimeunganishwa mfululizo, wenzake pia huathirika.

Futi ya kupimia kabla ya pochi

Soko la sola katika ukanda huu lina bidhaa nzuri na lina za uongo. Mnunuzi asiye na kipimo cha umeme bado ana silaha moja, nayo ni futi ya fundi cherehani. Paneli nzuri za kisasa hugeuza takriban asilimia 20 hadi 22 ya mwanga kuwa umeme. Kwa kuwa mwanga wa maabara ni wati 1,000 kwa mita ya mraba, mita moja ya mraba ya seli haiwezi kutoa zaidi ya wati 200 na kitu. Paneli iliyoandikwa wati 200 lakini seli zake zikitandazwa hazifiki hata nusu mita ya mraba, inadanganya, hata iwe na karatasi yenye nembo nzuri kiasi gani. Pima seli zenyewe, usipime kitambaa kinachozizunguka.

Fedha: kulinganisha na nini?

Hapa ndipo mjadala wa sola hupotoka mara nyingi. Chukua mwendeshaji wa kilomita 120 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa petroli anatumia shilingi 15,000 kwa siku. Kwa umeme wa gridi, akinunua uniti tano na nusu ili kufidia hasara za chaja, na tuseme kila uniti ni shilingi 800, anatumia shilingi 4,400. Kwa jua lake mwenyewe halipi kitu kila siku, lakini alikwisha kulipa mwanzoni.

Tuseme paneli, kidhibiti, waya na betri ya pili vimemgharimu shilingi milioni nne. Akijilinganisha na petroli, fedha zake zimerudi baada ya siku 267 za kazi, zaidi kidogo ya miezi kumi. Akijilinganisha na umeme wa gridi, zinarudi baada ya siku 909 za kazi, karibu miaka mitatu. Vifaa ni vilevile, jua ni lilelile. Muuzaji wa sola atatumia hesabu ya kwanza daima. Mnunuzi aliye karibu na nguzo ya umeme anapaswa kutumia ya pili, kwa sababu faida ya kuacha petroli inatokana na pikipiki na angeipata hata bila paneli. Aliye mbali na nguzo hana cha kulinganisha isipokuwa petroli, na kwake paneli ina maana zaidi.

Hesabu hizo pia zinachukulia kwamba kila siku ni ya wastani. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu na paneli hushiba. Mvua za Machi hadi Mei, na zile zinazoanza Septemba, huleta siku ambazo mavuno hushuka hadi nusu au chini yake. Siku hizo mwendeshaji atapunguza safari au atanunua chaji kwingine. Safari ya Mbarara yenyewe ina nafuu moja: mji huo uliopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020 una umeme wa gridi, unaosambazwa na shirika la umma la UEDCL tangu lilipochukua kazi ya kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025. Uniti mbili anazohitaji mwendeshaji ili arudi Base Camp, kwa bei tuliyotumia hapo juu, ni shilingi 1,600. Kumlipa mwenye duka kiasi hicho na kidogo cha shukrani ni nafuu kuliko kubeba kilo 50 za paneli.

Paa la watu watano

Mtu mmoja mara nyingi hana milioni nne. Lakini Nakivale, kama sehemu nyingine za Uganda, ina vikundi vingi vya kuweka na kukopa, na bodaboda hujipanga kwa steji. Waendeshaji watano wa steji moja, kila mmoja akihitaji uniti 4.8, wanahitaji uniti 24 kwa siku. Paneli zenye jumla ya kilowati 6.7 zitazitoa, na zitachukua takriban mita 34 za mraba, eneo dogo kuliko paa la darasa moja la shule. Betri za akiba hazilazimiki kuwa tano, kwa sababu wote hawarudi kwa saa moja. Kidhibiti kikubwa kimoja ni nafuu kuliko vidogo vitano, na mlinzi wa usiku ni mmoja. Wingu likifunika kwa wiki nzima, kikundi kinaweza kupanga nani achaji kwanza. Mtu aliye peke yake hana wa kupanga naye.

Mpango kama huo una masharti yake. Paa liwe la mtu ambaye mkataba wake na kikundi umeandikwa, na ikiwa jengo ni la umma, kibali kiombwe kwa uongozi wa makazi kabla ya msumari wa kwanza. Pikipiki zote zitumie aina moja ya betri, vinginevyo kubadilishana hakuwezekani.

La muhimu kuliko yote ni kujua betri ni ya nani. Kampuni nyingi zinazouza pikipiki za umeme kwa bei nafuu Afrika Mashariki haziuzi betri. Huikodisha, na mteja analazimika kuibadilisha katika vituo vya kampuni pekee. Baadhi ya betri hizo zina mfumo wa kuzifunga kwa mbali zikichajiwa kwingine. Mtu aliyesaini mkataba wa namna hiyo Kampala au Mbarara, kisha akanunua paneli saba na kuzipandisha juu ya paa lake Base Camp, atakuwa na sola nzuri ya kuwashia taa na kuchajia simu za jirani, na pikipiki ambayo haiwezi kuitumia. Swali la kwanza kwa muuzaji, kabla ya bei na kabla ya rangi, liwe kama betri inauzwa pamoja na pikipiki, na kama mkataba unamruhusu mwenye nayo kuichaji nyumbani kwake.

Aliyepata majibu hayo anaweza kuchukua daftari na kuandika kwa wiki mbili kilomita anazokwenda kila siku, saa anazoondoka na saa anazorudi. Wati-saa 40 kwa kila kilomita, zikigawanywa kwa 720, zitampa idadi ya paneli za wati 200. Asiyefika Mbarara ila anazunguka kati ya Base Camp na vijiji vya jirani, kilomita 35 au 40 kwa siku, atakuta kwamba paneli mbili zinamtosha siku za jua, na tatu zitampunguzia wasiwasi mvua ikikaribia.